Maharage ya Bibi na Kompyuta ya Kichogo

Kompyuta ya dukani kwangu ikiwashwa inatoa harufu ya vumbi linaloungua. Ni harufu ndogo, inakuja na kuondoka kabla mteja wa kwanza hajaingia, na siku nyingi hata siisikii, maana nakuwa nahangaika na mtoto, na mashine ya fotokopi inayotafuna karatasi, na watu wanaotaka kila kitu sasa hivi. Wiki hii nimeisikia kila asubuhi. Ni harufu ya ofisi ya usharika kule Mhezi, ofisi aliyokuwa akikaa Mama, na Mama tumemzika kabla mvua hizi hazijaanza.

Ngoja niseme hasira yangu kwanza. Nikishaimaliza nitasimulia vizuri.

Nina steshenari ndogo hapa Same, upande wa stendi. Nachapa barua za kuomba kazi, katiba za vikundi, kadi za mialiko, ratiba za mazishi. Nilikuwa natumia ile programu ya kuandikia ambayo kila mtu anaijua, ya kulipia, ila yangu fundi aliniwekea bila kulipia, kama walivyowekewa wenzangu wengi tu, tusidanganyane. Sasa imeshtuka. Imeweka mstari mwekundu juu ya kioo na kugoma: kusoma nasoma, kuandika hata nukta siwezi. Fundi anajikuna kichwa, ananiambia, dada, nunua halali au tafuta za bure, ziko nyingi. Ni kweli ziko nyingi. Huo wingi ndio shida yenyewe.

Ya kwanza inafungua kazi za wateja wote, lakini ikizifungua inazipangua. Kadi ya harusi ya watu ilitoka na jina la bwana harusi ukurasa wa kwanza na la bibi harusi ukurasa wa pili, peke yake katikati ya weupe, kama ameshaachika. Ya pili ni nzuri mno, haipangui kitu, ila inaishi mtandaoni. Bando likikata, au upepo ukivuma tu na mtandao ukaondoka, unabaki unatazama kiduara kinazunguka na mteja anakutazama wewe. Ya tatu ni ya kwenye simu. Hiyo nilikuwa namchapia baba mmoja mtu mzima ratiba ya mazishi ya mkewe, nimefika kwenye "mwili kuwasili nyumbani", likachomoza tangazo la kubeti, mpira unadunda na watu wanashangilia.  Yule baba aliangalia pembeni. Niliifuta programu ile mbele yake, na ningeweza ningemfuta na aliyeitengeneza.

Ya nne ni ile nyeupe inayokuja na mashine yenyewe, ambayo hakuna mtu anaihesabu. Haina herufi nene, haina majedwali, haina picha. Unaandika, basi. Hiyo sikuifikiria hata kidogo, wakati nimekua mbele ya ndugu yake.

Kazi za wateja ningevumilia. Kinachoniuma ni Jumamosi. Jumamosi kule kwetu ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ya kuzoa tope kwenye ndiva. Kwa wasioijua, ndiva ni bwawa la udongo na mawe, wazee walilichimba juu ya mashamba. Maji ya mfereji yanaingia usiku kucha, tundu la chini likiwa limezibwa kwa gogo na tope. Asubuhi mwenye zamu anazibua, maji yanateremka shambani kwake mpaka zamu yake inaisha. Kila mwaka tope hulijaza, na siku moja nyumba zote hutoka na majembe kulizoa. Kwenye ndiva yetu, kabla jembe la kwanza halijaingia, lazima mtu asimame ukingoni ayataje majina ya waliolichimba bwawa lile, mmoja mmoja, pamoja na alichofanya kila mmoja. Alikuwa akiyataja Bibi, mama yake Mama. Bibi alipokufa akawa anayataja Mama. Mwaka huu mjomba amenipigia simu, hata hakunibembeleza.

"Ni wewe," alisema. "Hakuna mwingine anayeyajua."

Siyajui. Ninayajua ya mwanzo na ya mwisho. Ya katikati ninayajua kama wimbo wa kanisani ambao unauimba mradi jirani yako anaimba. Lakini najua yalipo. Yapo kwenye flashi ya Mama, ile aliyoifunga kwa uzi wa kanga pamoja na funguo zake, na yapo mara mbili: faili moja limepambwa kwa maua, lingine halina kitu. Mimi ninalolitaka ni la maua. Ndilo nimelihangaikia wiki nzima kwa programu zote hizo za bure, na hakuna hata moja inayolifungua. Zinanionyesha vijisanduku na alama za kuuliza, kioo kizima, kama changarawe iliyomwagwa.

Kwa nini la maua? Hapo itabidi nirudi nyuma.

Mama alikuwa katibu wa usharika. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa kanisa, sakafu ya saruji baridi hata wakati wa jua kali, na dirisha linaloangalia mashamba ya tangawizi yanavyoteremka kama ngazi. Alikuwa na taipureta ya chuma, na mimi, nikiwa sijaanza shule, nilizoea kulala chini ya meza kwa mlio wake. Halafu siku moja ikaja kompyuta. Marafiki wa usharika kutoka nje waliituma, ikapanda mlima kwenye gari la mchungaji imefungwa blanketi, na mama mmoja wa kwaya ameikumbatia njia nzima isirukeruke. Nyinyi wa umri wangu mnazijua zile kompyuta za kichogo, nzito kama mbuzi, rangi ya maziwa yaliyolala. Ilipowashwa mara ya kwanza ikatoa ile harufu. Wazee wa kanisa walikuwa wamesimama mlangoni, kofia mikononi. Mmoja akasema inaungua. Mama, ambaye hakujua zaidi yao, akasema haiungui, inaamka.

Nilimwamini. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kitu chochote kikiamka lazima kinuke vumbi la moto, na asubuhi nikawa nanusa mikono yangu.

Programu ya kuandikia iliyokuja nayo ilikuwa ya kuonja tu, na hilo hakuna aliyetuambia. Ilifanya kazi vizuri, Mama akaanza kuringa nayo, matangazo ya ibada yakawa yanatoka yamenyooka pande zote mbili. Ikafika siku ikaandika kitu kwa Kiingereza na kufunga mlango. Mchungaji akasoma, akasema wanataka walipwe. Mama akauliza kina nani. Mchungaji akasema hapo hata yeye hajui.

Ndipo akaitwa Fundi Elitu kutoka Hedaru. Alikuwa kijana mwembamba mwenye pikipiki na begi lililojaa sidii, na kila sidii kabla ya kuiingiza aliifuta kwenye shati lake tumboni. Alizoea wateja wa barabarani, madereva wa malori na wenye maduka, kwa hiyo alikuwa anaongea kwa sauti ya juu kama anashindana na honi, hata pale kwetu ambapo unaweza kumsikia jirani anakohoa ng'ambo ya bonde. Akaweka programu ya bure, akanywa chai, akaondoka. Mama alikuwa na furaha. Alikuwa na jambo lake la kuandika, na halikuwa la usharika.

Bibi alikuwa ameanza kuchoka. Macho yalikuwa yanamfifia na kifua kinambana, na msaragambo uliopita alikuwa amekwama katikati ya majina mpaka mtu akamletea maji. Mama hakulala vizuri tangu siku ile. Alitaka ayaandike yote, kama Bibi anavyoyasema, kwa Chasu, Kipare chenyewe, kabla hayajapotea. Bibi hakutaka. Alisema majina ya watu hayakai ndani ya sanduku. Mama akambembeleza wiki nzima, na mwisho Bibi akakubali kwa sharti lake mwenyewe, kwamba hawezi kukaa ofisini mikono mitupu kama mgonjwa, atakuja na kazi yake.

Kazi yake ilikuwa maharage. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango ili apate mwanga, kikapu cha maganda makavu mapajani, beseni la bati miguuni. Anapukuchua huku anasema. Mbonea, aliyelala juu ya mwamba siku nzima akisikiliza maji yako wapi. Halafu anaachia konzi ya maharage, yanaanguka kwenye beseni, *chaa*. Mama anabonyeza kile kitufe kikubwa cha pembeni na mstari unashuka. Kiondo, aliyewasha moto juu ya jiwe kisha akalimwagia maji baridi, likapasuka lenyewe. *Chaa.* Mstari unashuka. Namkunda, aliyewapikia wachimbaji makande na hakuna aliyekumbuka kumbakizia. *Chaa.*

Mimi nilikuwa chini ya meza, nikisikia maharage halafu kitufe, maharage halafu kitufe. Kwa hesabu zangu, mashine ilikuwa inasikia maharage. Bibi akichelewa kuyaachia, nilishika pumzi kwa hofu kwamba mstari utajaa na kumwagika.

Walikwenda hivyo karibu mchana kutwa. Nje mvua ilikuwa inapiga bati mpaka Bibi akawa anapaza sauti. Walikuwa wamefika mbali, Mama ananyoosha vidole, Bibi anatafuta jina linalofuata na ganda mkononi, na umeme ukakata. Kioo kilijikunja kikawa mstari, mstari ukawa nukta, nukta ikazima. Umeme kwetu ulikuwa mgeni bado, mvua ikinyesha unaondoka, tulishauzoea. Tukasubiri. Uliporudi Mama akawasha, harufu ikaja, akafungua, na ukurasa ulikuwa mweupe.

Ile programu ya bure haikuwa na tabia ya kujihifadhi yenyewe, na Mama alikuwa hajahifadhi hata mara moja. Hakujua kwamba kazi hufungwa. Kwenye taipureta ukishapiga herufi, herufi ipo.

Bibi akauliza kuna nini. Mama akasema yamekwenda. Bibi akauliza yamekwenda wapi, na Mama alikuwa ameweka vidole juu ya vitufe kama bado anaandika. Bibi akakung'uta maganda kwenye kanga yake, akainama polepole, akalibeba beseni.

"Niliyosema nimesema," akamwambia. "Mashine yako haina masikio, na mimi sina pumzi ya kusemea mara mbili."

Akatoka na mvua hiyo hiyo. Mama alikaa pale anajisemea kwa sauti ndogo, sikufunga, sikufunga.

Hapo mimi nikaelewa kila kitu. Mtoto wa kwetu, kabla hajajua kuhesabu, anajua jambo moja: mtu asipoifunga ndiva, asubuhi inakutwa tupu. Maji yameondoka kwa mfereji, yamepita mashamba ya watu, yameshuka. Hayakufa. Yapo, ila yapo chini. Basi maneno ya Bibi yalikuwa yametokea tundu la nyuma la ile kompyuta, pale zilipoingia nyaya, na kama nikiwahi ningeyakuta. Sikumuaga Mama. Nilikwenda mbio mpaka ndiva, nimevaa sweta, matope mpaka magotini.

Pale ukingoni alikuwepo mlinzi wa ndiva, Mzee Senkondo, amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua, anatazama maji yanavyoingia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza nimetumwa na nani. Nikasema sijatumwa, nimekuja kuangalia kama maneno ya Bibi yamepita.

Hakucheka. Hilo ndilo ninalomkumbukia mpaka leo. Aligeuka akautazama mfereji unaotoka, kwa makini, kama mtu aliyeulizwa habari ya mbuzi aliyepotea.

"Yalikuwa ya majina?"

"Ya majina. Mama hakuyafunga."

"Basi ndiyo yale. Yamepita hapa yanakimbia. Saa hizi yako tambarare, ng'ombe wa Wamasai wanayanywa." Akafikiri kidogo. "Kesho utawasikia wanalia Kipare."

Nikaanza kulia, tena kilio kikubwa. Niliwaona kabisa wale ng'ombe, pembe zile, wamemnywa Mbonea, wamemnywa Kiondo, hawajui hata walichokunywa. Mzee Senkondo akaona mzaha wake umezidi, akanifunika lile gunia, na kwa kuwa kwa Bibi kulikuwa karibu kuliko kwetu, akanipeleka huko. Mlangoni akamweleza Bibi yote. Bibi akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango, akawa anafuta machozi kwa kanga, akataka arudiwe ile ya ng'ombe. Halafu akanitazama.

"Na ungeyakuta, ungeyabebea nini?"

Nikavuta sweta yangu kwa mbele, nikaishika pembe mbili kama mtu anayekwenda kuchuma mboga. Bibi akaacha kucheka. Akaniingiza ndani, akaniweka karibu na moto, na hakusema tena habari ya kukosa pumzi.

Fundi Elitu alipanda tena siku chache baadaye, Mama alikuwa amemwita kwa maneno makali. Alikuwa bado hajavua kofia yake ya pikipiki Bibi akaingia, kikapu cha maganda kichwani, akaenda kukaa kwenye kiti chake kama vile hakuwahi kuondoka. Mama akamtazama, akaufungua mlango zaidi apate mwanga.

Fundi akapanga sidii zake mezani. Zote za bure, alisema, lakini bure zinatofautiana. Kulikuwa na moja yenye mapambo, ina maua ya kila aina na fremu na herufi za kulala. Akaifungua tuone. Nilisimama juu ya kiti. Nilikuwa nimeona kadi ya kipaimara ya binti wa mchungaji, iliyochapwa huku Same, ina waridi pembe zote, na hapa kulikuwa na waridi nyingi kuliko zile, na alizeti, na maua ambayo hayana jina. Ila ni nzito, akasema Fundi, kwa mashine kama hii itakuwa inaganda. Tena ina kiburi, ilichokiandika yenyewe haitaki kisomwe na mwingine. Ile nyingine ilikuwa nyeupe. Haina maua, haina unene wa herufi, haina chochote. Ina mambo mawili tu, inahifadhi upesi kama kupepesa jicho, na ilichoandika kinafunguka popote.

Mama akawa anatazama huku na huku. Najua sasa alichokuwa anakiona, maana nimekiona wiki hii nzima. Alitaka majina yale yapendeze. Alitaka yapigwe chapa, yawekwe kwenye fremu, yatundikwe. Nikamvuta mkono, nikamwambia ya maua, Mama, ya maua. Bibi akauliza kutoka mlangoni ni ipi kati ya hizo inayosikia.

Fundi akasema, "Bibi, zote hazisikii."

"Basi mwekee isiyojidai."

Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya mvua. "Nataka inayoshika," akamwambia Fundi. "Maua tutapanda nje."

Nilinuna. Nilinuna siku nzima na nikakataa uji. Nilimwona Mama ni mtu wa kuchagua vibaya, mtu wa viatu vyeusi wakati kuna vyekundu. Lakini kazi ikaanza upya, na mimi nikapewa cheo. Kila Bibi alipopumzika Mama aliniita kutoka chini ya meza, ananipakata, ananiwekea vidole juu ya vitufe viwili vya kuhifadhi, anasema, "Ziba." Ninabonyeza. Nilikuwa mzibaji wa ndiva ile. Sikuwahi kuwa na kazi kubwa kama hiyo tena maishani, na nina duka.

Yale ndiyo majuma ninayoyatamani. Mvua, bati, mgongo wangu kwenye kifua cha Mama, ninasikia sauti yake ikipita mfupani kabla haijatoka mdomoni. Harufu ya vumbi la moto na ya maganda makavu. Bibi akisahau jina, wanakaa kimya wote wawili, na hakuna anayekasirika. Hakuna aliyekuwa anasubiri kopi.

Walipomaliza, Mama akamwambia Bibi asiondoke. Kumbe Fundi alikuwa ameiacha na ile ya maua, Mama alimwomba. Akayahamisha majina yote kule, mashine ikaganda, akaizima, akarudia, ikaganda tena, na Mama, ambaye hakuwa na subira hata na mkaa mbichi, akarudia. Halafu akanipakata akaniambia chagua. Nikachagua waridi. Bibi akasogeza uso mpaka pua inakaribia kioo.

"Mazuri," akasema. "Ya maharage yako wapi?"

Tukatafuta. Hayakuwepo. Waliotengeneza ile programu hawakuwahi kuona ua la maharage, ama waliliona wakalidharau. Tukapata moja dogo la zambarau, limejikunja upande mmoja, Bibi akasema hilo ni kama binamu yake. Mama akaliweka kila mahali ambapo maharage yalikuwa yameangukia: jina, kazi yake, ua. Jina, kazi yake, ua. Mimi nikaziba. Printa ya usharika haikuwa na wino wa rangi, na haikuja kuwa nao, na Mama hakutaka kuyachapa bila rangi. Ua lile hatukuwahi kulitoa kwenye karatasi. Tuliliona sisi watatu pale kwenye kioo, basi.

Kompyuta ile ilikufa, ile programu ya maua ikapotea duniani, Bibi akafuata. Mama kila alipopata mashine mpya aliyahamisha mafaili yote mawili, kutoka kitu hadi kitu, mpaka yakafika kwenye flashi hii. Sikuwahi kumuuliza kama la maua linafunguka. Nadhani alijua halifunguki. Alilihamisha hivyo hivyo.

Kwa hiyo jana, baada ya kukimbizana na za mtandaoni na za matangazo, nikaacha. Nikafungua lile lingine, lisilo na kitu, kwa ile programu nyeupe ya mashine yenyewe. Likafunguka mara moja, bila kuuliza, bila kunitaka nijisajili. Majina yote yapo. Ila yamenyooka mstari mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakuna pa kupumulia, mshale unasogea kulia na kulia na kulia. Fundi wangu wa hapa Same anasema mashine za zamani na hizi hazielewani namna ya kushusha mstari, ndiyo maana kila mara Mama alipobonyeza kitufe kile pamefutika. Maneno imeyashika kama alivyotaka. Mapumziko imeyaachia.

Niligonga meza mpaka mteja akaniuliza dada kuna tatizo. Nikamwambia njoo kesho.

Halafu nikafanya jambo la kipuuzi. Nilikuwa na maharage ya makande ya usiku. Nikayamimina kwenye beseni, nikamkalisha binti yangu Neema kwenye kizingiti, nikamwambia awe anachota na kuachia nikimwangalia. Neema ni mtoto wa kufuata akili yake, alikuwa anaachia anapojisikia, na mengine alimrushia kuku wa jirani. Lakini mlio ulikuwa ule ule. *Chaa*. Nikaanza kusoma kwa sauti, kwa Chasu, pole pole, na kila pumzi ya Bibi iliporudi nikabonyeza, na mstari ukashuka. Mbonea akakaa peke yake. Kiondo akakaa peke yake na jiwe lake. Namkunda na makande yake. Mikono ilikuwa inajua mambo ambayo mimi siyajui.

Mpaka katikati. Katikati pale yapo majina yameshikana, na sijui yanaachania wapi. Sijui kazi hii ni ya mtu wa nyuma au wa mbele. Kuna aliyebeba mawe kwa mgongo na kuna aliyekufa kabla maji hayajafika, na kwa yalivyoandikwa anaweza kuwa mtu mmoja na wanaweza kuwa wawili. Labda siku ile nilikuwa nimelala chini ya meza. Nikampigia mjomba, akasema, mwanangu, mimi nilikuwa nachunga. Ua lingejua. Ua lipo hapo ndani ya vijisanduku, mahali pake hasa, na hakuna mtu duniani anayeweza kunifungulia.

Sikubonyeza. Sitamkata mtu wa watu kwa kubahatisha. Jumamosi nikifika hapo nitawasoma kwa pumzi moja, wote walivyoshikana, na ikinikatikia watu watasubiri kama walivyomsubiri Bibi.

Neema akauliza kama tumemaliza. Nikamwambia bado kidogo, njoo huku. Akaja na vidole vyeupe kwa vumbi la maharage, nikampakata, nikamwonyesha vitufe viwili.

"Ziba," nikamwambia.

Akaziba. Nikachomoa flashi, nikaifunga tena na funguo kwa ule uzi wa kanga. Lile la maua sijalifuta.